Pole ya Kunakili si Taazia



Ndugu zangu wapenzi, wake kwa waume, siku hizi akifariki mtu baada ya swala ya alfajiri, jua halijapanda vizuri habari imeshafika Bujumbura, Kigali, Kampala, Ujiji, Muscat na Montreal. Hilo ni jambo jema, kwani maiti huombewa dua na watu wengi kabla hata hajaoshwa. Lakini hebu ufungue lile grupu la simu saa sita mchana. Utakuta pole mia na zaidi zimepangana kama matofali, na zote ni moja. Wa kwanza aliandika dua ndefu, wa pili akainakili, wa tatu akainakili ya wa pili pamoja na makosa yake ya herufi, na wa hamsini ameibandika bila kuisoma. Ndio maana utakuta amefariki mama wa watu, na huku anaombewa "Allah amrehemu mzee wetu". Kisha inafuata picha ya mikono miwili, picha ya uso unaotoa chozi, na kabla ya adhuhuri kuna mtu ameshaweka tangazo la viatu.

Nasema wazi, na atakayekasirika na akasirike: hiyo si taazia. Hiyo ni kusaini mahudhurio.

Sizungumzii ndugu wa damu. Ndugu wa damu hupanda basi, au hukopa nauli ya ndege, au hupiga simu akalia na wenzake mpaka salio likaisha. Nazungumzia mimi na wewe, watu tunaofahamiana tu na wafiwa: aliyekuwa jirani yako kabla hujahama, uliyesoma naye chuo cha Qur'ani, mwenye duka uliyekuwa ukichukua kwake vitenge, mama wa mtoto aliyekaa dawati moja na mwanao. Sisi ndio wengi, na sisi ndio tuliojipa ruhusa ya kubandika pole na kuendelea na mambo yetu, kwa hoja kwamba tuko mbali na wala sisi si watu wa karibu sana.

Na umbali katika nchi zetu hizi si jambo la kubahatisha. Mwaka 1972, kisha 1993, kisha 2015, watu walitoka Burundi kwa makundi makubwa. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imekuwapo tangu 1996, na humo wamezaliwa watoto ambao sasa nao ni wazazi. Mtaa mmoja wa Buyenzi leo una watu wake katika nchi nane au kumi. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, hata waliokuwa mji mmoja walishindwa kuzikana, maana katika nchi kadhaa za kwetu idadi ya wazikaji iliwekewa kikomo. Januari 2024 Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda, mtu wa Buyenzi mwenye rafiki yake Nyamirambo hakuweza tena kupanda basi la asubuhi akazike na kurudi. Kwa hiyo taazia ya mbali kwetu sisi imekuwa ndiyo taazia yenyewe. Tukiiharibu hiyo, hatuna nyingine.

Wazee wetu nao walikuwa mbali. Walitumia telegramu, na telegramu ililipiwa kwa kuhesabu maneno. Mtu alisimama posta akafikiri: niseme nini kwa maneno kumi? Na kama hakuwa na pesa hiyo alimtafuta msafiri, akamshika mkono, akamwambia, "Ukifika, kabla hujafungua mizigo yako, nipitie kwa mke wa fulani, umwambie nimesikia, na umwambie kwamba mumewe alinitendea kadha wa kadha." Yule msafiri aliubeba ule ujumbe siku mbili, tatu, na akaufikisha kama ulivyo. Leo maneno ni ya bure kabisa, na hatuna la kusema.

Sasa turudi kwenye mafundisho, maana wapo wanaodhani taazia ya mbali ni jambo la simu na kwamba dini haikulizungumzia. Usama bin Zayd (r.a.) amesimulia, na Bukhari na Muslim wote wawili wameipokea, kwamba binti mmoja wa Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kwa baba yake kumjulisha kuwa mtoto wake yuko katika hali ya kukata roho. Mtume (s.a.w.) akamrudisha yule mjumbe na salamu na maneno machache: kwamba alichokichukua Allah ni chake na alichokitoa ni chake, kwamba kila kitu kwake kina muda uliopangwa, basi asubiri na atarajie malipo kwa Mola wake. Imamu Nawawi katika kitabu chake cha Al-Adhkar ameyahesabu maneno hayo kuwa ndiyo bora ya kutolea taazia, na papo hapo akaeleza kuwa hakuna tamko maalumu lililowekwa ambalo lazima lisemwe hilo hilo. Yaani mlango wa kusema lako uko wazi. Aliyekwambia kwamba huwezi kutoa pole mpaka upate ule ujumbe mrefu wenye maua pembeni ni nani?

Na hadithi haikuishia hapo, ingawa wengi wetu huikatia hapo. Yule binti alipopata ujumbe alimrudisha mjumbe tena, akiapa kwamba lazima baba yake aje. Mtume (s.a.w.) hakusema, "Nimeshatuma." Alisimama akaenda, na pamoja naye Sa'd bin Ubada, Mu'adh bin Jabal, Ubayy bin Ka'b, Zayd bin Thabit na wengineo. Akapewa mtoto huku pumzi zikihangaika, macho ya Mtume yakajaa machozi. Sa'd akashangaa, akauliza ni nini hiki. Akajibiwa kuwa hiyo ni rehema ambayo Allah ameiweka katika nyoyo za waja wake. Basi wewe unayemwandikia mjane kutoka Dubai, "Usilie dada, kulia ni kukosa imani," hiyo elimu umeitoa wapi? Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa kujipiga na kuchana nguo na kusema maneno ya kumkasirisha Allah. Chozi halikukatazwa.

Utaniambia: dua ni dua, hata ikinakiliwa, na Allah anazipokea dua za waja wake. Kweli. Sipingi. Muombee maiti usiku na mchana, kwa maneno yako au ya kitabu, peke yako chumbani, hata jina lako lisionekane. Kama wewe ni mfuasi wa Imamu Shafi'i, kama walivyo Waislamu wengi wa pande hizi, unaweza hata kumswalia swala ya ghaibu, kwani Mtume (s.a.w.) aliwatangazia watu kifo cha Najashi wa Uhabeshi siku ile ile aliyofariki, akawapanga safu akamswalia kwa takbira nne naye yuko mbali ng'ambo ya bahari. Hanafi na Maliki hawaioni hivyo, na sitaingia katika mjadala huo. Lakini dua ni haki ya maiti. Taazia ni haki ya aliye hai. Maana yake kwa wanazuoni ni kumsubirisha mfiwa na kumtajia jambo la kumliwaza, la kumpunguzia huzuni na kumwepesishia msiba wake. Sasa niambie, ujumbe wa mia na ishirini unaofanana na ule wa mia na kumi na tisa unampunguzia nani huzuni? Mfiwa hata haufungui. Anayeufungua ni binti yake wa miaka kumi na minne, ambaye amepewa simu aitazame isije ikawa kuna anayeuliza saa ya maziko.

Na afadhali ya anayebandika. Yuko mwingine ambaye anapiga simu kweli, lakini anapiga ili ajue. "Alikuwa akiumwa nini? Tangu lini? Hospitali gani? Walisema nini madaktari? Kwani hamkumpeleka Nairobi? Kwani hamkusikia habari za India?" Mama wa watu ameeleza kisa hicho tangu usiku, kwa kila anayepiga, mara ya arobaini sasa, na kila mara anarudishwa kwenye kile kitanda na ile saa. Na lile swali la "kwani hamkumpeleka" si swali, ni hukumu. Unamwambia kwa ulimi wa upole kwamba mumewe amekufa kwa uzembe wake. Pesa ya kwenda India wewe ulimpa? Wewe uko mbali, hukuona usiku walioulala kwenye sakafu ya wodi, hukuona ng'ombe aliyeuzwa. Ukitaka kujua sababu ya kifo, muulize mtu mwingine, au ukae bila kujua. Hakuna fungu la mirathi linalogawiwa kwa anayejua jina la ugonjwa.

Kuhusu picha nitasema kwa ukali zaidi. Ipo tabia imeingia ya kupiga picha ya maiti, au ya mgonjwa katika pumzi zake za mwisho, na kuirusha kwa watu wa mbali "ili nao washiriki". Na ipo tabia ya kuweka jina na picha ya marehemu hadharani kabla watoto wake waliosafiri hawajaambiwa. Kijana yuko kazini Ghuba, amesimama kwenye duka la watu, anafungua simu kutazama saa, anakuta sura ya mama yake na chini yake imeandikwa "tangulia". Hakuna aliyemketisha. Hakuna aliyemshika bega. Aliyefanya hivyo alikuwa anagombea kuwa wa kwanza kutoa pole, na kwa pupa hiyo amemtia mwenzake jeraha ambalo pole zote za grupu haziwezi kulitibu. Ukiwa wewe ni mtu wa kujuana tu na familia, wewe si mtangazaji wa kifo chao. Ngoja. Wenyewe watatangaza.

Sasa, mtu wa mbali aseme nini? Aseme jina la marehemu, na aseme jambo moja analolijua yeye. Basi. Kila mtu anayefahamiana na mtu ana kipande cha maisha yake ambacho hata mkewe hakukiona, na kipande hicho ndicho pole yako. Kwa mfano: "Assalaam alaykum mama. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuza mkaa mkabala na duka la mzee, mwaka ule wa mvua nyingi. Mkaa wangu wote ulilowa, na mzee akanipa magunia matupu na sehemu kwenye stoo yake, hakunidai hata faranga moja. Sijamsahau. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Usijishughulishe kunijibu." Huo ni ujumbe wa sentensi chache, hauhitaji ushairi wala Kiarabu kingi. Lakini mama huyo atauhifadhi. Atamsomea mwanawe. Watakaa usiku wazungumze, "Kumbe baba alifanya hivyo, mbona hakutuambia?" Na hapo umewapa kitu ambacho hawakuwa nacho asubuhi.

Maneno yale ya mwisho, ya kumwondolea mzigo wa kujibu, usiyaache. Tumewageuza wafiwa kuwa makarani wa kutushukuru.

Nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike haya. Wangapi kati ya waliobandika pole wana deni la marehemu mfukoni? Biashara zetu baina ya Bujumbura, Uvira, Kigoma na Dubai zinakwenda kwa kuaminiana. Mtu anampa mwenzake mzigo kwa neno tu, "utanilipa ukiuza". Anampa pesa za kumnunulia bidhaa. Anamwekea amana. Hakuna karatasi, ingawa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, imetuamrisha tuandikiane madeni. Akifa mwenye mali, daftari lake ni kichwa chake, na kichwa kimekwenda kaburini. Mjane hajui. Watoto hawajui. Wewe unajua. Halafu wewe, wewe mwenyewe unayejua, unaandika "Allah amlaze mahali pema" ukaweka na picha ya mikono miwili!

Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza, akauliza kama maiti ana deni. Alipoambiwa analo na hakuacha cha kulipia, aliwaambia Swahaba wamswalie mwenzao, yeye akajizuia, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitwika deni lile, ndipo akamswalia. Zilikuwa dinari chache tu. Tazama uzito huo. Ikiwa deni alilokuwa nalo maiti lilisimamisha swala ya Mtume, wewe unayedaiwa na maiti unasimama wapi? Kwako wewe taazia ni ujumbe mmoja, uupeleke kwa mjane au kwa mtoto mkubwa, si kwenye grupu: "Marehemu alikuwa ananidai kiasi hiki, nitalipa tarehe hii, na shahidi ni fulani." Huna kwa sasa? Sema kwamba huna, lakini kiri deni, liandikwe liingie katika mirathi. Na kinyume chake, kama wewe ndiye uliyemdai naye ukamsamehe, waambie umesamehe, maana inawezekana wanalijua deni hilo na usiku hawalali kwa ajili yake. Na kama hukusamehe ni haki yako, dai kwa adabu na kwa ushahidi, lakini usidai ndani ya salamu za pole.

Tukija kwenye rambirambi za pesa, kutuma kwa simu ni jambo zuri na jepesi. Kinachochukiza ni kupiga picha ule ujumbe wa muamala na kuuonyesha watu wote. Elfu ishirini imetumwa, na wafiwa mia tatu wameshuhudia. Mwenye elfu mbili akanyamaza, akaona aibu, na pole yake akaimeza. Pia fikiria pesa inafika mikononi mwa nani. Ja'far bin Abi Talib (r.a.) alipouawa katika vita vya Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wa Madina waitengenezee familia yake chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Hakusema wafiwa wapike wawalishe wageni. Kwetu mambo yamepinduka, pesa za rambirambi zinakwenda kwenye mchele wa waliokuja kukaa, na siku ya nne mjane anahesabu sufuria za kuazima. Wewe uliye mbali una njia nzuri. Mpigie mwenye duka wa mtaa ule, mlipe unga, sukari, mafuta na mkaa, umwambie apeleke nyumba ile tarehe kumi na tano ya mwezi ujao, si leo. Leo wamejaa.

Na hapa ndipo mtu wa mbali anapompita wa karibu, akitaka. Mashafi'i wameweka muda wa taazia kuwa siku tatu, na baada yake wameona ni makuruhu, ili mfiwa asitoneshwe huzuni iliyoanza kutulia. Lakini wao wenyewe wamemvua asiyekuwapo: aliyekuwa safarini, au mbali, taazia yake haikupitwa. Sasa fikiri. Siku tatu za kwanza nyumba imejaa, mikeka uani, simu hazipumziki. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Wiki ya pili wajukuu wamerudi shule, wiki ya tatu shemeji wamerudi kazini, na siku ya arobaini, kwa wanaoifanya, watu wanakuja wanakula wanaondoka. Baada ya hapo imebaki kama miezi mitatu ya mwanamke kukaa ndani na ukuta. Nani anampigia simu mwezi wa tatu? Wale mia na ishirini wako wapi?

Kuna mama mmoja wa eda aliyesema kwamba mwezi wa tatu simu yake ililia mara mbili kwa wiki nzima, na zote mbili walikuwa watu wa kampuni ya simu wakimtangazia vifurushi.

Kwa hiyo usikimbilie siku ya kwanza. Siku ya kwanza muombee maiti, andika mstari mmoja kama lazima, kisha tia alama kwenye kalenda ya ukutani, siku ya ishirini, siku ya sitini, siku ya mia. Siku hizo piga. Usiulize kisa cha kifo. Uliza kama mtoto wa mwisho amerudi shule, na karo nani analipa. Mtume (s.a.w.) aliwaita watoto wa Ja'far baada ya siku tatu, akamwita kinyozi awanyoe vichwa vyao. Hilo jambo dogo la kunyoa vichwa limehifadhiwa katika vitabu miaka yote hii. Mwanamke aliyefiwa na mume, Asmaa bint Umays (r.a.), alikuwa na watoto wadogo wasio na baba wa kuwapeleka kwa kinyozi.

Na kama habari imekufikia umechelewa, miezi miwili imepita, na unaona haya kupiga, piga hivyo hivyo. Mwambie kwamba umesikia leo, umesikia kwa fulani, na ndio maana unapiga leo. Ikiwa ataanza kueleza mwenyewe, msikilize mpaka amalize, hata kama ni dakika arobaini na kifurushi chako ni cha thelathini. Ikakatika, weka kingine.

Wassalaam alaykum.